Kijivu hafifu: namna ya kukiandika kikaonekana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika hadithi inayotokea Mikindani, kuanzia alfajiri mpaka jioni ya siku moja. Vitu vingi ndani yake ni vya kijivu kisichokolea: magofu, tope la pwani, mawingu, nywele za bibi ambaye ndiye mhusika mkuu. Wenzangu walioisoma wanasema kijivu kimezidi na bado hawakioni. Nimejaribu "kijivu hafifu", "kijivu kama majivu", "kijivu cha huzuni", hali ni ileile. Rangi hii huelezwaje kwa Kiswahili, na humletea msomaji wetu hisia gani? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Marahaba. Wenzako wamekufanyia hisani, maana wamegusa ugonjwa wenyewe: msomaji anatajiwa rangi mara nane, lakini haoni kitu. Kuongeza kivumishi hakutasaidia. Tuanze na neno.

"Kijivu" ni jivu lililotiwa ki- ya namna, ile inayopatikana katika "kifalme" na "kitoto". Maana yake ni kwa namna ya jivu. Basi ukiandika "kijivu kama majivu" umesema majivu yanafanana na majivu, na msomaji, hata kama hawezi kulieleza kosa, anahisi hajapewa chochote. Majina mengi ya rangi katika Kiswahili yametoka kwenye vitu kwa njia hiyohiyo: kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda. Mlango huo bado uko wazi. Chukua kitu chochote ambacho msomaji amewahi kukishika, kitangulize "rangi ya", na umepata rangi inayoonekana bila kumfundisha mtu neno jipya.

Mtwara imejaa vitu hivyo, na havifanani. Maji yaliyooshewa mchele ni meupe yaliyochafuka, hayang'ai, na jicho haliwezi kupenya ndani yake. Hayo yanafaa mbingu isiyo na jua na maji ya bahari yaliyotulia chini yake. Ganda la korosho ghafi iliyokauka lina kijivu chenye ukahawia kwa mbali, tena laini, linateleza kidogo vidoleni. Gome la mbuyu ni kijivu kinachong'aa kama kitu kilichopakwa mafuta, hasa miezi ya kiangazi mti ukiwa umepukutisha majani. Tofali la saruji ni kijivu kilichokufa: kikavu, kinakwaruza, hakirudishi mwanga. Pweza mbichi ni kijivu chenye madoa na unyevu, naye ana faida ya pekee kwa mwandishi, kwa sababu akiingia kwenye sufuria hubadilika akawa mwekundu wa zambarau. Kitu kinachokaribia kugeuka kinapata mfano mzuri hapo. Tena kuna mpingo, ambao watu huujua kwa weusi wake kwenye vinyago vya Kimakonde. Ukiwa bado umesimama msituni, gome lake ni kijivu hafifu kilichochanika, na mtu asiyeujua anaweza kupita pembeni yake bila kudhani kuna kitu cheusi ndani.

Tahadhari moja: mfano utoke kwenye macho ya anayesimulia. Bibi wa Mikindani haoni theluji wala chuma cha meli ya kivita. Ukimpa mfano ambao hajawahi kuuona, msomaji anamwona mwandishi amesimama nyuma ya bibi akimwazima miwani.

Sasa sarufi kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoelemea sentensi zako. Rangi zinazochukua viambishi vya ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Tunasema ukuta mweupe, mawe meupe, nyumba nyeupe. Kijivu hakikubali hivyo; kinataka "wa", "ya", "la", na mara nyingi mwandishi hukiongezea "rangi" na "hafifu" juu. "Ukuta wenye rangi ya kijivu hafifu" ni mzigo wa maneno sita kwa ajili ya doa moja, nao ukirudiwa mara tatu katika ukurasa mwendo wote unalegea. Katika mazungumzo watu husema "gari kijivu", "shati kijivu", na hilo liache kwenye vinywa vya wahusika wako. Kwenye masimulizi, mzigo huo utue kwenye kitenzi.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Tazama vitu vyako vya kijivu hafifu uone vimepataje kuwa hivyo. Karibu kila kimoja kimeondokewa na kitu. Jivu limeondokewa na moto. Tope limeondokewa na maji. Kaniki ya shambani imeondokewa na rangi yake kwa kufuliwa. Ukuta umeondokewa na chokaa yake. Alfajiri bado haijafikiwa na mwanga. Kiswahili kina kitenzi kwa karibu kila mojawapo ya hasara hizo, na kitenzi kinabeba rangi pamoja na sababu yake kwa neno moja.

Kupauka ni kukosa unyevu au mafuta: ngozi, midomo, ardhi, mti uliokaa juani. Kuchujuka ni rangi kutoka kwa maji, hasa nguo. Kukwajuka kunakaribiana nako, ila kunachukua pia uchakavu wa kukaa juani na kuvaliwa siku nyingi. Kufubaa ni kupoteza mng'ao, basi sufuria hufubaa, pete ya fedha hufubaa, hata macho ya mtu aliyechoka. Kufifia ni kwa mwanga, sauti na kumbukumbu. Kusawijika ni kwa sura ya mtu iliyoharibiwa na ugonjwa au majonzi. Waandishi wengi huvichanganya, na hapo ndipo picha inapoharibika: "ukuta umechujuka" humfanya msomaji afikirie ukuta uliofuliwa, na "kanga imefubaa" humfanya atafute metali. Ukikosea kitenzi, hata mfano mzuri hautakuokoa.

Jaribu basi kwenye sentensi yako. "Alivaa kaniki ya kijivu hafifu" inatoa rangi tu. "Kaniki yake ilikuwa imekwajuka magotini" inatoa rangi, kazi anayoifanya, na muda alioivaa, na neno kijivu halipo.

Maji ni fundi mkuu wa rangi hii, na Mikindani ni mji wa maji. Kijivu chochote kikilowa hukolea, kikikauka hupauka. Sababu yake ni kwamba maji hujaza vitundu vya juu vya kitu, mwanga ukaingia ndani badala ya kutawanyika kuelekea jichoni. Ndiyo maana tope la pwani huwa karibu jeusi pale maji yalipoondoka sasa hivi, na saa mbili baadaye, jua likilipiga, juu yake hupata ngozi nyepesi iliyopauka. Mtu akikanyaga, ngozi hiyo hupasuka na unyayo wake hubaki mweusi. Hiyo ni picha nzima: nani amepita, lini, akielekea wapi, na yote yameandikwa kwa tofauti ya kijivu kimoja.

Lakini angalia saa. Pwani hii, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Alfajiri yanakuwa bado yamejaa au ndiyo yanaanza kutoka. Kupwa kwa alfajiri ni kwa siku za maji mafu, nayo hayaendi mbali. Ukitaka tope pana lililopauka na wanawake wanaookota chaza, liweke baada ya saa nne. Msomaji wa Mtwara anayejua bahari atakikamata kosa hilo kabla hajafika mwisho wa aya.

Mikoko nayo usiiandike kama ukuta mmoja wa kijani. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, una majani ambayo juu ni kijani na chini ni kijivu hafifu kinachokaribia fedha, na hutoa chumvi inayoonekana kama vumbi la kioo ukilitazama jani kwa karibu. Upepo wa kusi ukiupiga, majani hupinduka na mti mzima hubadilika rangi kwa mara moja, kisha hurudi. Mkandaa na msinzi, mikoko mingine, haifanyi hivyo. Ukiutaja mchu kwa jina na ukaacha upepo ufanye kazi, huna haja ya kutaja rangi hata kidogo.

Saruji iko chini ya sheria hiyohiyo. Plasta mpya ni kijivu kilichokolea, nayo hupauka ikikauka. Mafundi humwagilia ukuta mpya maji kwa wiki moja hivi ili saruji ikomae. Usipomwagiliwa, hupauka haraka mno, hupata nyufa nyembamba, na ukipitisha kiganja kinatoka na unga. Mhusika anayejua ujenzi ataupapasa ukuta na kujua kama fundi alikuwa na subira.

Kuhusu mwanga, hadithi yako ya siku moja ina bahati kubwa, maana ukuta mmoja unaweza kuonekana mara tatu ukawa na rangi tatu. Waandishi wengi hupanga mwanga wa alfajiri vibaya. Adhana ya alfajiri hutangulia kuchomoza kwa jua kwa zaidi ya saa moja. Wakati inaadhiniwa, nje kungali giza, na kijivu bado hakijapatikana. Kuna mstari mwembamba tu mashariki. Mwanga wa kumwezesha mtu kutambua sura za vitu bila taa huja kama dakika ishirini na kitu kabla ya jua kutoka, na katika latitudo yetu hupita upesi. Mwandishi anayeinyoosha alfajiri ya Mtwara kwa saa mbili za kijivu ameazima anga ya nchi za kaskazini. Jua la Mtwara, kutegemea mwezi, hutoka kati ya saa kumi na mbili kasorobo na kidogo baada ya saa kumi na mbili na nusu, zaidi ya nusu saa kabla ya Kigoma, jambo la kukumbuka iwapo mhusika wako anapiga simu huko akaambiwa bado ni giza.

Katika dakika hizo ishirini vitu havionekani kwa pamoja. Jicho kwenye mwanga mdogo halijui rangi. Linajua weupe na weusi tu, na wekundu ndio hupotea kabla ya yote. Kwa hiyo vilivyopauka hutangulia: lipu ya zamani, mchanga, tanga lililokunjwa, kanzu ya mtu anayerudi msikitini. Kanga nyekundu bado ni nyeusi, na hata udongo mwekundu wa njia ya kupanda mlimani ni mweusi. Wekundu hurudi mwishoni. Ukiheshimu mpangilio huo, msomaji atahisi kupambazuka mwilini mwake bila wewe kuandika "kulipambazuka".

Mchana wa jua kali kijivu hafifu karibu hakipo. Ukuta uleule uliokuwa hafifu alfajiri utawaka weupe wa kuumiza macho, na mhusika atautazama kwa kukunja uso. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, utaingiwa na umanjano. Ukiuita "ukuta wa kijivu" saa zote tatu, umeusimamisha mwanga.

Jirani ya rangi nayo ina nguvu kuliko rangi yenyewe. Kipande kilekile cha tumbawe kikikaa kwenye mkaa huonekana cheupe. Kikikaa kwenye kitambaa kilichotiwa bluu ya kufulia huonekana kichafu. Kikikaa kwenye udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde huonekana kimeelekea ukijani. Jicho hufidia wekundu ulio pembeni. Tumia jambo hili Mikindani, kwa kuwa Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limepakwa weupe na liko jirani na nyumba zilizobomoka. Mtu akitoka kulitazama Boma kisha akageukia gofu, gofu litakuwa jeusi kwake. Akitoka vichakani, litakuwa jeupe. Mpitishe mhusika wako njia unayoitaka, na njia ndiyo itakayoupaka ukuta.

Magofu yenyewe yanastahili uangalifu. Usiandike "mawe ya kijivu" kana kwamba ni majabali ya Mwanza. Kuta za Mikindani, kama zile za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Basi ukuta huo ulitoka baharini mara mbili, mara moja kama jiwe na mara moja kama unga. Lipu ikidondoka, utaona vitundu, alama za nyota za tumbawe, pengine ganda la kombe lililonasa. Lipu ikizeeka huanza kuwa nyeupe, ikapauka, kisha ikapata michirizi myeusi. Michirizi ni kuvu na mwani, nayo hufuata njia ya maji ya mvua: hushuka kutoka ukingo wa juu na pembe za madirisha. Ukiiweka katikati ya ukuta bila chanzo, picha inadanganya. Na tofauti ya majira ni kubwa: Februari ukuta umekolea na umelowa, Agosti umepauka na popo wamo ndani.

Sasa hisia. Hapa naomba tuwe wakali, kwa sababu "kijivu cha huzuni" ndicho kilichowachosha wenzako. Uhusiano wa kijivu na huzuni au siku isiyo na ladha umeletwa na vitabu vya nchi ambazo wakati wa baridi wingu hukaa wiki nzima bila jua. Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Mkulima aliyekwisha kutifua shamba la muhogo na kunde anapotazama wingu la kwanza, moyo wake haulii. "Siku ya kijivu" kwake haina maana. "Leo kumefunga" ina maana, tena njema. Ukimlazimisha msomaji huyo ahuzunike kwa sababu ya wingu, anakuacha njiani.

Hata hivyo kijivu hafifu cha angani kina hisia yake ya kweli: shaka. Wingu la mvua lina tumbo jeusi na hutanguliwa na upepo wenye harufu ya udongo. Wingu hafifu lililotanda sawasawa kama shuka, lisilo na kingo, huweza kunyunyiza kidogo au lisinyunyize kabisa. Watu hulitazama, hawaamui kuanika wala kuanua. Kama kwenye hadithi yako kuna mtu anayesubiri jibu, hilo ndilo wingu lake.

Korosho hutoa somo kubwa kuliko yote, na ningekusihi uliingize hata kama hadithi ni ya mjini. Kati ya Juni na Septemba mikorosho inapochanua, baridi na umande wa usiku huleta ubwiriunga, ugonjwa unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe unaoelekea kijivu. Ukiugusa hubaki kidoleni. Ukiachwa, maua hukauka, hukolea weusi na kupukutika. Ndiyo maana alfajiri, upepo haujaamka, utasikia mashine zikipuliza salfa ya njano mashambani. Kwa mtu wa kusini, kijivu hafifu juu ya ua ni hofu ya mwaka mzima. Miezi michache baadaye, kati ya Oktoba na Desemba, kijivu kingine kinaanikwa mkekani kwa siku mbili au tatu: korosho ghafi, rundo linalogongana kwa sauti kavu mkono ukipita. Hicho ni ada ya shule, ni bati, ni deni lililolipwa. Na msimu ukiwa mwema, kijivu cha tatu huanza kupanda kando ya barabara, matofali ya saruji ya nyumba ambazo bado hazina plasta. Rangi moja, maana tatu, na hakuna hata moja iliyo huzuni. Ukijiuliza "kijivu kinaashiria nini?" hutapata jibu, jiuliza "kijivu hiki kimekaa juu ya nini, mwezi gani?"

Neno "ukungu" pia litumie kwa kujua. Ni ule ulalao bondeni asubuhi za baridi, ukiutazama kutoka Shimo la Mungu kule Newala, na ndilo jina la ule unaoota kwenye makopa ya muhogo yaliyonyeshewa kabla ya kukauka. Uzuri na hasara kwa neno moja. Mwandishi mwenye sikio anaweza kuanza aya na ukungu wa kwanza na kuimaliza na wa pili bila kubadili neno.

Jivu lina hisia mbili zinazovutana. "Moto huzaa majivu", husemwa mtoto aliposhindwa kufikia sifa za mzazi. Hapo jivu ni kilichopoa. Lakini jivu hilohilo husugua sufuria, huhifadhi mbegu za kunde zisitobolewe, na hufunika kaa la usiku ili asubuhi moto usianze upya. Jikoni kwa bibi, kwanza amua kama chini ya jivu kuna kaa. Jivu lililoungua vizuri ni hafifu, karibu jeupe, laini kama poda. Likiwa na weusi wa mkaa, moto ulizimwa haraka. Anayeingia jikoni asubuhi anaweza kuyasoma haya yote.

Nikuoneshe kwa mfano. Tuseme aya yako ilikuwa hivi: "Ilikuwa asubuhi ya kijivu. Bibi mwenye nywele za kijivu alipita kando ya magofu ya kijivu hafifu yaliyojaa huzuni, akakanyaga tope la kijivu." Ningeiandika hivi: "Kuta za gofu ndizo zilizotangulia kuonekana, kisha mchanga, kisha bibi. Kanga yake nyekundu ilikuwa bado nyeusi. Alipofika kwenye pembe ya ukuta aliweka kiganja pale lipu ilipodondoka, kama afanyavyo kila siku, na unga wa chokaa ukambaki mkononi. Alijifutia kanga. Maji yalikuwa bado yako juu, na tope lake alikuwa analingoja."

Kijivu hakimo. Tope limesukumwa mbele mpaka saa linapoweza kuwapo. Huzuni imefutwa, na mahali pake pana kitendo cha kila siku ambacho msomaji atakitafutia sababu mwenyewe. Unga wa chokaa juu ya kanga unafanya kazi ya rangi, kwa kuwa jua likitoka alama hiyo itaonekana kwenye wekundu, nawe utaweza kuirudia. Kipimo ninachokipendekeza kwa ukurasa wa maneno mia tatu hivi ni neno "kijivu" lisizidi mara moja, na liwekwe pale ambapo hakuna kitenzi wala kitu kinachoweza kulibeba.

Kabla ya kuandika upya, fanya zoezi hili la siku moja. Kusanya jivu la kuni, kipande cha tofali, korosho ghafi tatu, ganda la chaza na kitambaa cheupe kikuukuu. Vipange juu ya udongo mwekundu, kisha juu ya shuka jeupe. Vitazame kabla ya jua kutoka, saa sita, na saa kumi na moja jioni. Nusu ya kila kitu ilowanishe. Kwa kila mara andika kitenzi kimoja tu, usiandike rangi. Utapata orodha ambayo hakuna kamusi itakayokupa.

Nimemwacha bibi mwisho kwa kuwa ndiye hadithi. Nywele zake usiziite za kijivu. Kiswahili kina mvi, na mvi haihitaji rangi. Tena kwa haki unywele mmoja mmoja mara nyingi ni mweupe au mweusi, na kijivu hutokea kwa mchanganyiko wake ukiwa mbali, kama kanga wa porini mwenye madoa anavyoonekana wa kijivu akikimbia. Kwa hiyo umbali ndio unaoamua: mtoto anayemsuka anaona nywele nyeupe anazoweza kuzihesabu, jirani aliye ng'ambo ya barabara anaona kichwa kilichopauka.

Ngozi yake ikipauka, msomaji wetu anafikiria kwanza ukavu, vumbi, chumvi ya bahari iliyokaukia mikononi, au kukosa wa kumpaka mafuta. Kwa hiyo kupauka ni alama nzuri ya upweke, na ni alama mbaya ya woga. "Aligeuka kijivu kwa hofu" itamfanya afikirie ukavu kwanza. Mtu mweusi akiishiwa damu au akipata mshtuko, tazama viganja, midomo na ndani ya kope la chini. Wekundu ndio unaoondoka hapo. Majonzi ya muda mrefu yape kusawijika.

Na macho. Mtoto wa jicho huifanya mboni iwe na rangi ya maji ya mchele, na mwenye ugonjwa huo huona taa zikiwa na duara la mwanga na nyuso zikiwa nyuma ya utando. Kitu kingine ni ile pete nyembamba ya kijivu hafifu inayozunguka sehemu nyeusi ya jicho kwa wazee wengi. Haizuii kuona, na haionekani ila ukiwa karibu kiasi cha urefu wa mkono. Kama katika hadithi yako kuna mjukuu anayerudi baada ya miaka, mfanye aione pete hiyo atakapoinama kumwamkia, na hapo, mara moja, tumia neno kijivu.